Kofia ya Kiwandani na Kofia ya Mjomba

Jumamosi, 6 Januari

Mdogo wangu,

Salamu utazikuta chini, kama nafasi itabaki. Leo nina jambo zito zaidi. Ndani ya kifurushi hiki, kwenye kopo la dawa ya viatu, kuna kofia saba za chuma, kila moja ndogo kuliko ncha ya kidole chako cha mwisho. Ni za wale askari wa deraya wa plastiki niliomletea Kamanda alipotimiza miaka mitano. Nimezitengeneza mwenyewe, jikoni kwangu.

Usicheke. Nilinunua pakiti moja ya kofia za kiwandani, zile rasmi, nikakaa nazo na kioo changu cha kukuzia kama mpelelezi. Ya kiwandani ni nyepesi mno, ukiwa nayo mkononi huihisi. Ubavuni ina mshono pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana, na kisogoni ina kikovu pale plastiki ilipokatwa. Kifuniko cha uso kinapanda na kushuka, hapo nawapa maksi zao. Yangu kifuniko hakifunguki. Lakini ina uzito, ina kona kali, na ukiidondosha mezani inatoa sauti.

Nimeyeyusha zile herufi za kuchapia nilizoondoka nazo chapani, kiwanda chetu cha uchapaji kilipofungwa. Nimeanza na A, maana peke yake zilijaa debe. Lugha yetu haiwezi kupiga hatua mbili bila A. Kalibu nimeichonga kwa plasta ya ukutani.

Nataka hukumu ya Kamanda, kofia kwa kofia, za kwao na zangu. Asinihurumie kwa sababu ni mjomba. Na usinipigie simu kunieleza. Mitambo ya chapa ilikula masikio yangu, simu naisikia kama nyuki ndani ya kopo. Andika.

Msalimie shemeji.

Kaka yako,
Mpangaji Herufi (mstaafu)


Jumamosi, 20 Januari

Kaka,

Shikamoo. Hukumu imetoka.

Kamanda alipanga askari kumi na wanne dirishani, saba na kofia za dukani, saba na zako. Mimi na baba yake tuliamriwa tukae chini kama mashahidi, na cherehani yangu ikazimwa ili korti isikie. Kwenye kifuniko cha uso za dukani zimeshinda. Kwenye rangi zimeshinda pia, kwa sababu zako zote ni za kijivu. Baada ya hapo umewafagia. Anasema za dukani zinakaa tu juu ya kichwa, lakini za mjomba zinavaliwa. Tena askari mwenye kofia yako akianguka, anatangulia kichwa, kama mtu aliyekufa kweli. Hilo lilimfurahisha kupita kiasi.

Tatizo ni kuzivua. Kile kinundu kilicho kichwani kwa kila askari kinaishika kofia, na vidole vyake bado vidogo, kwa hiyo anazing'oa kwa meno. Akishaing'oa anaiweka shavuni anapofikiria vita vinavyofuata. Nilimwambia atoe uchafu mdomoni, akanijibu kwamba za mjomba zina ladha, za dukani hazina. Baba yake alicheka mpaka akatoka nje.

Shemeji yako hajambo. Karakana ya betri inamlia nguo zote, kila suruali ina matundu ya asidi. Bado nina sheria yangu: hambebi mtoto kabla hajaoga na kubadilisha nguo. Anaitii, ananung'unika, anaitii.

Kamanda amejua kuandika jina lake. Herufi ya mwisho anaigeuza, lakini jina linasomeka.

Mdogo wako,
Mama Kamanda


Jumatatu, 29 Januari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne, na kichwa kimevimba mpaka kofia yangu mwenyewe hainitoshi. Miaka thelathini na moja nilipanga maneno ya watu wengine. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kuniambia ukurasa huu umekaa vizuri. Sasa nimesifiwa na mtu mwenye miaka sita, na ninakuambia ukweli, nilitokwa na machozi.

Kuhusu meno, mwache. Mimi mwenyewe mikono ilipojaa nilizishika herufi kwa midomo, tulifanya hivyo wote chapani, na mbona nipo. Mkono wa kulia umelegea kidogo siku hizi, lakini huo ni uzee.

Nimezipima tena za kiwandani kwa ndani. Wao wameweka kijifereji kinachoshika kinundu bila kukibana. Mimi sikuwa na kijifereji. Toleo linalofuata litakuwa nalo, na litabana zaidi kuliko lao. Mwambie Kamanda jeshi lake halijaona kitu.

Kaka yako,
Mpangaji


Jumamosi, 24 Februari

Kaka,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, nyumba haijatulia.

Kamanda haumwi sana, lakini si mzima. Tumbo linamsokota, siku tatu au nne hapati choo, chakula anakisukuma pembeni. Zahanati wamempa dawa ya minyoo mara mbili. Kinachonitisha si tumbo. Amekuwa mkali. Juzi alimrushia baba yake kikombe kwa sababu alimsalimia. Mwalimu wake kaniita, anasema mtoto aliyekuwa anaandika jina lake sasa anaitazama kalamu kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nikadhani ni ukaidi. Nilimpiga kofi, Kaka. Hakulia, aliniangalia tu, na tangu siku hiyo nina kitu kimenikaa kifuani.

Kinachomtuliza ni wale askari wako. Analala nao. Kofia moja yako imepotea, tumepekua hadi chini ya cherehani. Nikimuuliza anasema imekwenda vitani. Amebaki askari mmoja kichwa wazi, na hilo linamkosesha raha kuliko tumbo.

Mdogo wako,
Mama Kamanda


Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu,

Kofi moja haliharibu mtoto, jisamehe. Wewe nilikulea tangu wazee wetu walipofariki, na nilikuchapa zaidi ya mara moja. Mbona leo unaniandikia.

Huyo askari asikae kichwa wazi. Nimeimimina mpya jana, ya toleo la kijifereji, na nimeisugua mpaka inang'aa. Ukiiweka karibu na ya kiwandani utaona aibu kwa niaba yao. Mpe kwa masharti: kijiko kimoja cha uji, anaishika, vijiko kumi, inakuwa yake. Ikimkazia avue kwa meno kama alivyozoea.

Atakaa sawa. Watoto wanaanguka na kuinuka kabla sisi wakubwa hatujamaliza kuogopa.

Kaka yako,
Mpangaji


Jumatatu, 18 Machi
Wodi ya watoto

Kaka,

Jumatano iliyopita asubuhi Kamanda alipatwa na degedege akiwa anakula. Macho yalipanda juu, povu likamtoka. Tulimleta hapa hospitali kuu mikononi. Amepatwa tena mara tatu tangu tulipofika.

Alhamisi majibu ya damu yalitoka. Daktari alituita sote kando ya kitanda cha Kamanda, na jirani yangu aliyetusindikiza. Akasema, "Mtoto huyu ana risasi mwilini." Jirani akapiga ukelele, akauliza nani kampiga mtoto risasi. Baba yake akamgeuza pale pale kitandani, akawa anampapasa mgongo akitafuta tundu. Daktari akatueleza taratibu kwamba si risasi ya bunduki, ni yale madini yenyewe. Inaingia mwilini kidogo kidogo na kula ubongo wa mtoto. Akauliza kuhusu rangi za kuta, mabomba, vyungu. Sote tukawa tunatikisa kichwa. Kisha akasema, "Kama ile iliyomo kwenye betri za magari."

Sote tulimgeukia baba yake. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Nilimwambia maneno ambayo sikujua ninayo. Miaka yote ya sheria yangu ya kuoga, na bado ametuletea sumu ndani. Nilimwambia asirudi nyumbani, asifike wodini, asimguse mtoto wangu tena maisha yake. Akaondoka bila kubisha. Hilo ndilo linalonihakikishia kwamba anajua kosa lake.

Jirani amebaki na mtoto wodini saa chache, nami nikarudi nyumbani nikachoma nguo zote za kazi za baba yake. Nimepangusa kuta kwa sabuni hadi vidole vimechubuka.

Kamanda amelala. Kofia zako nimempangia kwenye meza ya kitanda, sita na hiyo mpya. Ndizo anazozitambua. Niombee.

Mdogo wako


Ijumaa, 22 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imenifikia juzi. Pole. Sina maneno, na mimi si mtu wa kukosa maneno.

Usimhukumu shemeji haraka. Mambo haya yana njia nyingi, hata madaktari hubahatisha. Mpe mtoto maziwa, mengi iwezekanavyo. Sisi chapani tulipewa maziwa kila siku, na yalitusaidia.

Jambo jingine dogo. Kofia zile zikusanye zote unirudishie, nataka kuzipaka rangi, maana Kamanda alilalamikia rangi. Usimwachie mdomoni. Wodini kuna vijidudu vya kila aina. Mwache acheze na za kiwandani kwa sasa. Kwa kweli za kiwandani ni nzuri. Nilizionea.

Zikusanye leo, usingoje kesho.

Kaka yako


Jumanne, 2 Aprili

Kaka,

Sikuamkii leo.

Barua yako iliponifikia Jumatano niliikubali kama ninavyokubali kila kitu chako. Nilikusanya kofia, nikazifunga kwenye leso. Zilikuwa saba. Umetuma nane kwa jumla. Nikasema moyoni, ile ni iliyopotea Februari, na sikufikiria zaidi.

Jana walipima damu tena. Risasi imepanda. Imepanda, na baba yake hajamkaribia siku kumi na nane. Daktari akasema basi chanzo hakikuwa baba, chanzo tunacho humu humu. Akaniuliza upya kila kitu ambacho mtoto amekula, amekunywa, amelamba. Nikataja maziwa. Nikamwambia kaka yangu ameagiza, kwa sababu chapani walikuwa wanapewa. Akaacha kuandika. Akaniuliza kama najua herufi za chapa hutengenezwa kwa madini gani.

Mimi ni fundi wa nguo. Uliniambia herufi, nikajua ni herufi. Niliona chuma, nikasema chuma.

Wakampiga eksirei ya tumbo. Nimeiona mwenyewe ukutani kwenye taa. Mifupa ya mwanangu imefifia, na katikati kuna kofia. Kofia kamili, na pembe zake kali ulizozisifia, nyeupe kuliko kitu chochote kwenye ile picha. Imekaa tumboni mwake tangu Februari ikimyeyukia. Asubuhi hii wameitoa.

Anaishi. Daktari anasema vitu vingine vitarudi na vingine havitarudi, na hawezi kuniambia ni vipi. Mkono wa kushoto hauinuki. Nikimwita anageuka. Jina langu hajalisema.

Barua yako ya tarehe ishirini na mbili ninayo hapa mbele yangu. Unaniambia nizikusanye leo, nisingoje kesho. Ulijua, Kaka. Ulijua ukaniandikia habari za rangi. Kama ungeandika neno moja tu, wangempiga picha karibu wiki nzima mapema. Unilee tangu utoto, halafu ukose neno moja.

Wodini usije. Shemeji yako nitakwenda kumwambia mwenyewe leo hii. Mimi ndiye niliyemfukuza, mimi ndiye nitakayemrudisha. Hilo usiliguse.

Mama yake


Jumapili, 7 Aprili
Nyumba ya wageni, mkabala na hospitali

Mdogo wangu,

Barua hii nampa mlinzi wa getini akuletee. Wodini sijaingia na sitaingia mpaka uniite.

Umeandika kwamba nilijua. Nilijua tarehe ishirini Machi, barua yako ilipofika, nikiwa nimesimama mlangoni bado. Nilipofika kwenye neno risasi sikuhitaji kumaliza sentensi. Chapani hatukusema herufi. Tulisema risasi, niletee risasi, risasi imeisha. Kwenu niliandika herufi kwa sababu nilitaka Kamanda aipende kofia iliyotoka kwenye A. Sikuwa nadanganya siku ile. Kuanzia tarehe ishirini nilikuwa nadanganya.

Niliandika barua mbili. Ya kwanza ilikuwa na mistari miwili na ilisema kila kitu. Niliiweka mezani siku mbili, kisha nikaichoma jikoni na kukutumia ya pili. Nilijiambia kwamba ukizikusanya zitaacha kumdhuru, na hakuna atakayehitaji kujua. Kwamba ameimeza moja, naapa sikuwaza. Niliogopa kwamba Kamanda hatanipenda tena, na wewe pia. Sina sababu nyingine bora kuliko hiyo, na najua haitoshi.

Barua yako ya Jumanne niliipata Ijumaa. Jana nikapanda basi. Wewe ulikuwa umeniambia nisiliguse jambo la shemeji, lakini nilihesabu kwamba umeshamwambia siku ile ile, na ilikuwa zamu yangu kwenda kumwomba radhi. Kwa hiyo leo asubuhi nilikwenda karakanani.

Analala pale nyuma, kwenye maboksi, katikati ya betri mbovu. Wenzake wawili walikuwa wanachaji betri ya gari la mtu. Nilimkuta anajisugua mikono kwa brashi ya waya. Ngozi imetoka hadi kwenye viwiko. Nikamwamkia, nikanyoosha mkono. Akarudi nyuma hadi ukutani.

"Usinishike, shemeji," akasema. "Nina sumu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hajaambiwa.

Nilimwambia yote, nimesimama, wenzake wanasikia. Herufi, kofia, meno, maziwa, picha ya tumbo. Nilitegemea anipige, na nilikuwa nimeshavua miwani. Hakunipiga. Aliniuliza, "Kwa hiyo si mimi?" Nikamwambia si wewe. Akauliza tena, nikajibu tena. Mara ya tatu akaniomba niseme kwa sauti ili na wale wawili wasikie vizuri. Nikasema. Akakaa chini juu ya betri, akalia kama sijawahi kuona mwanamume akilia, na mmoja wa wenzake akazima mashine.

Alipotulia akauliza habari za mtoto. Nilimwambia uliyoniandikia, mkono na jina. Kisha akaniuliza kama wewe unajua kwamba hakuwa yeye.

Mdogo wangu, naelewa kilichokufunga miguu usiende kumwambia. Mimi kilinifunga siku mbili mezani. Lakini nilikuwa nimeapa nikiwa kwenye basi kwamba sitadanganya mtu tena, wala kwa ajili yako. Nikamwambia unajua tangu Jumanne.

Akaniuliza leo ni siku gani, na nikamwambia ni Jumapili.

Kaka yako